Jasho, chumvi na kutu: kusafisha gitaa la umeme nyumbani

Magitaa mengi ninayoletewa nitengeneze hayakuharibika kwa kupigwa. Yameharibiwa na jasho lililoachwa likaukie juu yake. Mimi ni mpiga solo wa bendi ya dansi Dar es Salaam, wikiendi tunapiga hadi usiku wa manane, na mchana nahudumia magitaa ya wenzangu. Hewa ya huku pwani ina unyevu na chumvi, mikono yetu nayo ina chumvi yake. Gitaa linalokaa Arusha mwaka mzima bila kufutwa linaweza kuvumilia. La Dar, Tanga au Mombasa halivumilii.

Nitaanza na hatua ya bure, kwa sababu ndiyo inayookoa gitaa kuliko nyingine zote.

1. Futa kila unapomaliza kupiga

Nawa mikono kabla ya kushika gitaa. Ukimaliza, chukua kipande cha fulana ya pamba iliyochakaa, kipitishe chini ya nyuzi na ukivute kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kile chuma nyuzi zinapoishia juu ya bodi. Kisha bana kila uzi kwa kitambaa hicho, juu na chini, uende nao urefu wake wote. Malizia pale mkono wa kulia unapolala, juu ya daraja na pembeni ya bodi. Ni dakika moja tu. Usifunge gitaa kwenye begi likiwa bado na jasho. Begi lililofungwa hugeuka jiko la mvuke.

2. Toa nyuzi

Usafi mkubwa fanya kila unapobadilisha nyuzi. Dalili za uzi uliochoka ni hizi: upande wa chini umekuwa wa kahawia, ukipitisha ukucha unakwaruza, na kutyuni hakukai. Legeza kwanza hadi ulegee kabisa ndipo ukate. Uzi unaokatwa ukiwa umekazwa unaweza kukuruka usoni.

Kama daraja lako ni lile linaloelea kwa springi, usitoe nyuzi zote kwa pamoja. Badilisha mmoja mmoja, au weka kipande cha mbao chini ya daraja lisizame.

3. Ubao wa vidole na freti

Hapa nakuomba uvumilivu. Kabla ya yote funika pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, kwa tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Ndani ya pikapu mna sumaku, na kuizunguka kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Chembe za chuma zikinaswa na sumaku ile, kuzitoa ni kazi ya kuchosha.

Ule weusi ulioganda kando ya kila freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole, ni mafuta ya ngozi, jasho na vumbi. Ukwangue taratibu kwa pembe ya kadi ya plastiki, ukifuata mstari wa freti. Kisha sugua freti zenyewe kwa sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000. Stiliwaya ya kusugulia sufuria ni kali mno, usiiguse. Sugua kufuata urefu wa freti, utaona kijivu kikigeuka fedha inayong'aa, na vidole vitateleza tofauti kabisa ukivuta nyuzi.

Sasa angalia ubao. Kama ni mti mweusi au wa kahawia usiopakwa vanishi, jamii ya mpingo au rozuwudi, weka matone machache ya mafuta ya madini kwenye kitambaa, paka, subiri dakika tano, kisha futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Usipake mafuta ya kupikia, hata ya nazi: yanachacha ndani ya mbao na kuacha utando unaonata. Kama ubao ni wa rangi ya asali na unang'aa, huo umepigwa vanishi. Haunywi mafuta wala hauhitaji sufi ya chuma; kitambaa chenye unyevu kidogo kinautosha, na freti zake zisugue baada ya kufunika mbao kwa tepu.

4. Bodi

Kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Magitaa mengi ya kisasa yamepakwa rangi ngumu ya poliyuretani, hayasumbui. Ya zamani yaliyopakwa nitroselulosi usiyaguse kwa spiriti, na usiyaegemeze kwenye stendi yenye mpira, maana mpira unayeyusha rangi ile.

5. Daraja

Pwani, daraja ndilo linalotangulia kufa. Masika iliyopita kijana mmoja aliniletea gitaa zuri ambalo vikalio vyake sita, vile vipande vidogo nyuzi zinapolala, vilikuwa vimeota unga wa kijani. Skrubu mbili za kupandisha nyuzi zilikuwa zimeshika kabisa. Alijaribu kuzilazimisha kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, na matundu yakawa duara. Siku mbili nzima nilikuwa natia tone la mafuta ya cherehani, naacha lilale, kisha nagusisha ncha ya pasi ya risasi, ile ya kulehemu nyaya, juu ya skrubu ili joto lifungue kutu. Moja ilitoka. Ya pili ilikatika, ikabidi kikalio kizima kibadilishwe.

Wewe fanya hivi mapema: sugua daraja kwa mswaki wa zamani ukiwa mkavu, toa vumbi lote, kisha tia tone moja dogo la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu kwa ncha ya kijiti cha meno. Izungushe nusu mzunguko kwenda na kurudi. Futa yanayobaki.

6. Mikwaruzo ya sauti

Kabla ya kufungua chochote, tafuta kelele inatoka wapi. Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha volyumu, uchafu uko ndani ya kitufe. Ikikatika unapotikisa waya, shida ni waya au jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Jaribu waya mwingine kwanza. Magitaa mengi yamefunguliwa bure kumbe waya ndio mbovu.

Kwa kitufe, puliza ndani yake dawa ya kusafishia vifaa vya umeme wanayotumia mafundi simu, kisha zungusha kitufe mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi. Nati ya jeki ikiwa imelegea, ikaze huku umeishika jeki yenyewe kwa ndani, la sivyo inazunguka nzima na kukata nyaya zake.

Jambo moja ni la uhai. Gitaa likinguruma na ukigusa nyuzi mngurumo ukapungua, hilo ni la kawaida. Lakini ukipigwa shoti mdomoni unapogusa maiki huku umeshika nyuzi, weka gitaa chini. Hapo tatizo ni umeme wa ukumbi, mara nyingi waya wa ethi haupo. Muite fundi umeme. Ampu pia usiifungue, hasa ya vali, ile yenye taa za kioo ndani: inabaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa.

7. Nyuzi mpya

Pale juu ya shingo nyuzi zinapopita kwenye mifereji sita, chora kila mfereji kwa penseli. Unga ule mweusi unafanya uzi uteleze, na gitaa linaacha kupanda na kushuka unapovuta nyuzi. Zungusha uzi mara mbili au tatu kwenye funguo yake, kaza, uvute kwa mkono, tyuni tena. Rudia mpaka usishuke.

Sasa pima oktava, yaani kama uzi unabaki kwenye tyuni ukibonyezwa katikati ya urefu wake. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, ulie kama kengele, kisha ubonyeze hapo hapo. Tyuna ikionyesha uliobonyezwa uko juu zaidi, sogeza kikalio mbali na shingo. Ukiwa chini, kisogeze kuelekea shingo.

Chuma cha ndani ya shingo usikiguse kwa hasira. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au 8 iwe kama unene wa karata. Kama si hivyo, zungusha chuma hicho robo ya mzunguko tu, kisha liache gitaa mpaka kesho ndipo upime tena.

8. Kulihifadhi

Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke ndani ya kesi. Wakati wa masika fungua kesi walau mara moja kwa wiki, maana ukungu huanzia kwenye kitambaa cha ndani kabla hujauona kwenye gitaa. Ukisafiri nalo kwenda Dodoma kiangazi, pitisha kidole pembeni ya shingo: mbao ikikauka hunywea na ncha za freti huchomoza. Usikimbilie kuzipiga tupa. Likirudi pwani, lipe wiki mbili kwanza, kisha pitisha kidole tena.