Kokteli ya kuitwa yako: anza na daikiri

1. Chagua pombe. Ile unayoweza kuinywa kavu bila kukunja uso.

2. Chagua msingi. Anayependa ukali atafuata Old Fashioned: wiski 60 ml, kijiko cha chai cha shira, mitikiso 2 ya chupa ya Angostura, kile kimiminika kichungu cha viungo. Mimi humwanzisha kila mtu na daikiri, kwa sababu ina vitu vitatu tu na kosa halina pa kujificha: ramu nyeupe 60 ml, ndimu 25 ml, shira 20 ml. Ndimu ikamuliwe siku hiyohiyo. Ya chupa, hapana.

3. Shira. Wengi hukwama hapa. Sukari gramu 100, maji ya moto gramu 100, koroga mpaka iyeyuke. Tumia mizani: kikombe cha sukari ni chepesi kuliko kikombe cha maji, kwa hiyo ukipima kwa vikombe utapata shira nyepesi. Usiichemshe bila kifuniko. Maji yakipotea inakuwa nzito, na wiki ijayo hutajua kwa nini kinywaji kimebadilika. Wapo wanaopika ya sukari mbili kwa maji moja. Hiyo ina utamu karibu mara moja na nusu, kwa hiyo 14 ml zinatosha mahali pa 20. Ukitaka asali, ilegeze kwanza: asali gramu 2 kwa maji ya moto gramu 1. Ikimiminwa ilivyo huganda kwenye barafu na kubaki kwenye chombo.

4. Tikisa vyote sekunde 12 kwa barafu ya kawaida iliyotoka friza sasa hivi, isiyo na majimaji. Barafu iliyoanza kutoa jasho hukuongezea maji usiyoyapima. Chuja.

5. Onja kikiwa baridi, kamwe si kabla ya kutikisa. Baridi hufifisha utamu. Ukionja kikiwa vuguvugu utaona sukari imezidi, utaipunguza, kisha glasi itakuja kali kama siki.

6. Badilisha kitu kimoja kwa kila glasi, 5 ml kwa 5 ml, na uandike. Anza na ramu, kisha kitamu, mwisho harufu: hiliki punje 6 zilizopondwa, ziloweke dakika 20 kwenye shira ikiwa bado moto, kisha chuja. Ukigusa viwili pamoja hutajua kipi kimeharibu.

7. Mpe mtu mwingine karatasi yako aitengeneze bila wewe kusema neno. Akikosea, rekebisha vipimo vilivyoandikwa.