Jinsi ya kutazama filamu za zamani za mapenzi na mauaji bila kupitwa na dalili

Katika filamu hizi, ushahidi hufichwa na mapenzi. Anayependa hapekui mifuko ya koti la mpenzi wake wala haulizi jana usiku alikuwa wapi, na mtazamaji naye hulegea vivyo hivyo. Kwa hiyo inabidi ufanye mambo mawili kwa wakati mmoja: uyaamini mapenzi, na uhesabu.

Anza na nne, moja kila usiku, kwa mpangilio huu: Charade (1963, dakika 113), Laura (1944, dakika 88), Gaslight (1944, dakika 114), kisha Vertigo (1958, dakika 128). Ya kwanza ni nyepesi na ina vichekesho, ya mwisho ni nzito. Wanaoanza na Vertigo mara nyingi huchoshwa na mwendo wake wa taratibu wakaiacha kabla haijawafikisha popote.

Tafuta nakala nzuri. Charade ilitoka bila tangazo sahihi la hakimiliki, ikawa mali ya umma Marekani tangu mwanzo, ndiyo maana imejaa nakala zilizofifia zenye sauti ya kukwaruza. Chagua iliyosafishwa upya. Kuhusu Gaslight, kuna pia ile ya Uingereza ya 1940. Ni nzuri, lakini hapa tunaizungumzia ya Ingrid Bergman na Charles Boyer.

Sasa televisheni. Laura na Gaslight zilipigwa kwa umbo la 1.37 kwa 1, karibu mraba. Acha pande nyeusi kushoto na kulia. Ukiivuta picha ijaze skrini, nyuso zitanenepa. Ukiikuza, utakata karibu robo ya picha, juu na chini. Zima pia mpangilio unaolainisha mwendo, maana hufanya filamu ionekane kama matangazo ya moja kwa moja. Muhimu kuliko yote, zima ule unaorekebisha mwangaza wenyewe. Gaslight ina dalili ambayo ni taa kufifia tu. Televisheni ikiongeza mwanga kwa hiari yake, dalili hiyo imekwenda.

Chukua daftari na uchore safu tatu: nani kasema nini, kitu gani kimeonyeshwa kwa karibu, na nani anamtazama nani. Safu ya tatu ndiyo yenye faida zaidi. Ya pili inahitaji jicho linalofuata mwanga: katika Suspicion (1941), mwongozaji Alfred Hitchcock aliweka balbu ndani ya glasi ya maziwa ili jicho lisiweze kubanduka kwayo wakati mume anapanda nayo ngazi. Mwongozaji akimulika kitu, kiandike hata kama hujui kazi yake.

Katika Charade, dola 250,000 zimepotea na kila mtu anazitaka. Mapema kabisa inspekta wa Paris anatoa vitu vya marehemu begini, kimoja kimoja. Simamisha hapo, andika orodha nzima. Kisha fungua ukurasa mwingine wa majina ambayo Cary Grant anajitambulisha nayo, maana hubadilika zaidi ya mara moja, na Audrey Hepburn anazidi kumpenda kila jina linapoanguka.

Laura usiisomee chochote kabla, hata maelezo ya jaladani, kwa sababu katikati yake kuna jambo linalogeuza kila kitu. Ile saa ndefu ya kusimama inayotajwa mwanzoni kuwa ina pacha wake, iandike. Na mpelelezi anapozurura usiku mbele ya picha ya mwanamke aliyeuawa, hesabu muda anaoutumia kuitazama ukilinganisha na muda wa kupekua.

Gaslight inataka saa. Katika nyumba ya taa za gesi bomba ni moja: ukiwasha taa chumba kingine, msukumo hupungua na mwali ulio mbele yako hushuka. Andika mume ametoka dakika ya ngapi, mwali umeshuka lini, umepanda lini, naye amerudi lini. Nyakati hizo nne zinatosha kumtoa mkewe Paula (Ingrid Bergman) kwenye shaka kwamba akili yake inapotea.

Usipoteze nguvu kubahatisha kama muuaji atatoroka. Kuanzia 1934 hadi 1968, kanuni ya maadili ya Hollywood haikuruhusu uhalifu ulipe. Rebecca (1940) ilibidi ibadilishe namna mke wa kwanza alivyokufa katika riwaya, basi tazama filamu kwanza, kitabu baadaye. Swali lenye uhai ni je, anayempenda atajua lini.

Vertigo hulijibu swali hilo kwa njia ya ajabu: mtazamaji anaambiwa siri wakati filamu bado imebaki sehemu kubwa, na Scottie, mpenzi anayeigizwa na James Stewart, hajui lolote. Wengi hudhani hadithi imevuja. Weka kalamu chini hapo na umtazame Kim Novak, mikono yake hasa, kila anapoombwa abadili nguo au nywele. Siku nyingine irudie tangu mwanzo, umfuate yeye peke yake, James Stewart umwache. Utaona hofu machoni mwake mapema, pale ambapo mara ya kwanza uliona huzuni tu.