Kuanza mbio za magari kutoka sifuri: anzia kiti cha mwelekezi

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye mbio za magari huanza na swali la gari: ninunue Subaru au Mitsubishi Evo? Mimi ni mwelekezi, yule anayeketi kushoto kwa dereva akimsomea njia, na jibu langu huwa lile lile. Gari liwe la mwisho. Kabla yake kuna mambo yanayogharimu pesa kidogo na muda mwingi, na anayeyaruka huishia na gari lililoegeshwa nyuma ya gereji likisubiri giaboksi.

Nitazungumzia rali kama tunavyoiendesha Kenya. Safari Rally ilianza 1953, ikawa sehemu ya ubingwa wa dunia kutoka 1973 hadi 2002, kisha ikarejea 2021 makao yake yakiwa Naivasha. Kwa sababu hiyo mchezo huu tunao karibu, na mlango wa kuingilia uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Aliye Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi atakuta hatua ni hizi hizi. Kinachobadilika ni shirikisho linalotoa leseni.

Hatua ya 1: Ingia klabu, fanya kazi ya mashali

Rali zetu huandaliwa na klabu zilizo chini ya Kenya Motor Sports Federation. Uganda utakwenda kwa Federation of Motorsport Clubs of Uganda. Tafuta klabu iliyo karibu nawe, lipa ada ya uanachama, kisha uombe kazi ya mashali, yaani msimamizi wa njia na vituo, kwenye mashindano yajayo. Mashali hutafutwa kila mara, na hakuna atakayekuuliza kama una gari.

Omba uwekwe kituo cha muda. Pale ndipo utakapoona rali inavyopotezwa na watu wenye kasi nzuri. Kila gari lina kadi ya muda na dakika yake ya kuingia kituoni. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ukichelewa unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika; ukiwahi unaongezewa dakika nzima kwa kila dakika. Kuwahi kunauma zaidi! Ndiyo maana utaona magari yamesimama mita chache kabla ya kibao cha kituo, mwelekezi amekodolea saa macho, akingoja dakika yake ifike ndipo akabidhi kadi.

Jifunze pia kibao cha OK na SOS. Gari likikwama ndani ya mkondo, yaani kipande cha njia kinachokimbiwa kwa kasi na kupimwa kwa saa, na watu wakawa salama, dereva na mwelekezi wake huonyesha OK ya kijani kwa wanaokuja nyuma na kuweka pembetatu angalau mita 50 kabla ya gari. SOS nyekundu inamaanisha mtu ameumia, na gari la kwanza kuiona lazima lisimame. Hata kama linaongoza. Jambo hili ulijue kabla hujavaa helmeti.

Hatua ya 2: Jifunze kuelekeza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo njia ya bei nafuu kabisa ya kuingia ndani ya gari la mbio. Madereva wapya wanatafuta waelekezi kila msimu. Dereva ananunua gari, tairi na mafuta. Wewe unaleta leseni, vifaa vyako vya mwili, na kichwa kilichotulia. Ukishakaa kiti hicho msimu mmoja utajua breki zinakanyagwa wapi, gari linavunjika wapi, na pesa zinakwenda wapi. Hakuna shule inayokufundisha hayo upesi hivyo.

Vitabu ni viwili. Cha kwanza ni kitabu cha njia, unachopewa na waandalizi: michoro midogo ya makutano, na pembeni umbali kutoka mwanzo na kutoka mchoro uliotangulia. Unakifuata kwa kipima umbali kilichofungwa ndani ya gari. Kabla ya rali, peleka gari kwenye kipande kilichopimwa na waandalizi, linganisha tarakimu, urekebishe kipimo chako. Kosa la mita 20 kwa kila kilomita litakufikisha kwenye njia panda za Kajiado, zenye njia za ng'ombe kila upande, ukiwa hujui ni ipi.

Kitabu cha pili mnakiandika wenyewe. Siku za ukaguzi wa njia, mnapita kila mkondo mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza dereva anataja, wewe unaandika. Mara ya pili unamsomea, naye anasahihisha. Kona hupewa namba. Wengi hutumia 1 hadi 6, ambapo 1 ni kona ya kukaribia kugeuka ulikotoka na 6 ni ile inayopitwa bila kuachia mafuta. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi:

100, kushoto 4 juu ya kilima, inafunga, usikate, jiwe ndani. 50, kulia 3, mto.

Yaani: mita mia moja za njia iliyonyooka, kona ya kushoto ya kadiri iliyo juu ya mwinuko, kwa hiyo dereva haioni mwisho wake, inakuwa kali kadiri unavyoingia, usipite ndani ya kona kwa sababu kuna jiwe, mita hamsini, kona kali ya kulia, kisha maji. "Inafunga" na "usikate" ndiyo maneno yanayowarudisha watu nyumbani. Ukiwa na shaka yoyote juu ya jiwe, liandike.

Kusoma ni kazi nyingine. Dereva anahitaji kona inayofuata wakati bado yuko ndani ya hii, kwa hiyo unasoma mbele yake kidogo, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ukipiga kelele, naye atakanyaga. Huwezi kuangalia nje muda wote. Unajua mlipo kwa kiuno na makalio, gari linavyoegemea, linavyonyanyuka kwenye kilima. Ukipotea kwenye maandishi, sema "nimepotea" papo hapo. Dereva atapunguza mwendo, utainua macho, utatafuta alama kubwa, daraja au lango la shamba, na mtaendelea.

Mazoezi yake ni ya bure. Fungua video yoyote ya rali iliyorekodiwa ndani ya gari, zima sauti, andika maelezo ya njia, kisha rudia video ukisoma kwa sauti. Baadaye ketini na rafiki kwenye gari la kawaida, kwa mwendo halali, kwenye barabara ya vumbi isiyo na watu, na muandike kona kwa kona. Kama kusoma garini kunakutapisha, afadhali ulijue hapo.

Hatua ya 3: Leseni na bima

Dereva na mwelekezi wote wanahitaji leseni ya mashindano, na utatakiwa kupimwa afya. Fuata fomu za shirikisho, usisubiri wiki ya mashindano. Soma pia bima yako ya kawaida: nyingi hazilipi chochote gari likiwa mashindanoni. Na kwa kuwa kati ya mkondo na mkondo mnapita barabara za umma pamoja na matatu na malori, gari lazima liwe halali barabarani na sheria zote za trafiki zinawahusu.

Hatua ya 4: Vifaa vya mwili kabla ya vya gari

Helmeti ya bodaboda haikubaliki, hata iwe ghali vipi. Tafuta lebo ndani: FIA 8859-2015 ni kiwango cha kuanzia kinachotambulika sana. Kizuizi cha shingo, ambacho wengi hukiita HANS, kina kiwango cha 8858. Ovaroli isiyoshika moto, 8856. Ndani ya ovaroli usivae nailoni, maana huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Vifaa vya mtumba vinapatikana, na wengi wetu tumeanza navyo, lakini helmeti usinunue ya mtumba. Haionyeshi kama ilishapigwa. Kwa vingine, piga picha ya lebo umtumie mkaguzi wa vyombo wa klabu kabla hujalipa. Ni ujumbe mmoja wa simu, na umewaokolea wengi mshahara wa mwezi.

Hatua ya 5: Autokrosi

Sasa unaweza kuendesha. Autokrosi ni mzunguko mfupi wa vumbi, unashindana na saa, na gari likizima linasukumwa pembeni likatengenezwe. Jamhuri Park, Nairobi, ni uwanja unaojulikana. Kuna madaraja, yaani makundi, ya magari ya kawaida yanayosukumwa na magurudumu mawili tu, yasiyo na turbo, na watoto wana vigari vyao kwenye daraja la Bambino. Mzazi mwenye mtoto anayelilia usukani, mpeleke huko.

Jifunze mambo mawili tu msimu wa kwanza: kupiga breki gari likiwa limenyooka, na kuangalia unakotaka kwenda badala ya unachoogopa kugonga. Kasi itakuja yenyewe. Na barabara ya umma isiwe uwanja wako wa mazoezi. Kuna watoto wanaovuka.

Hatua ya 6: Gari la kwanza

Nunua gari lililokwisha kutengenezwa kwa rali na mtu anayehama daraja. Kulijenga upya kutoka gari la nyumbani hugharimu zaidi, nimeliona hilo kila msimu. Wala usidharau gari lililotumika: Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa ya timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi, alijua anachokiangalia.

Chagua linalosukumwa na magurudumu mawili, bila turbo, ambalo vipuri vyake unavipata Kirinyaga Road, Nairobi, siku hiyo hiyo. Kisha lala chini yake na tochi.

Anza na kizimba cha chuma, keji. Kanuni ya FIA inataka bomba la chuma lisilo na mshono, na upinde mkuu nyuma ya viti uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Keji iliyochomelewa kwa mabomba ya maji itapasuka gari likibingirika. Omba hati zake. Kama hakuna, mpe mkaguzi aliangalie kabla hujatoa pesa. Kisha viti: lebo ya 8855-1999 hudumu miaka 5 tangu tarehe ya kutengenezwa. Mikanda ya mabega ishuke kwenda nyuma kwa pembe isiyozidi digrii 45, na inapendekezwa isizidi 10, vinginevyo itakubana uti wa mgongo ajali ikitokea. Vizima moto, swichi ya kukata umeme, kulabu za kuvutia: vyote viwepo na vifanye kazi.

Injini iache kama ilivyo. Pesa zinazobaki ziende kwenye shokabzoba, bamba la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), breki na tairi nzuri za vumbi. Vumbi laini la Kedong, mkondo wa Safari Rally karibu na Naivasha, humeza magurudumu na kuficha mawe, na turbo haikusaidii chochote mle.

Hatua ya 7: Kutoka burudani hadi kazi

Wachache hulipwa kuendesha. Nasema wazi ili familia yako isiuze shamba. Ngazi ipo, lakini. Ubingwa wa taifa, kisha wa Afrika, ambao Karan Patel na mwelekezi wake Tauseef Khan waliuchukua 2022 na 2023. Vijana kama McRae Kimathi walipewa Ford Fiesta Rally3, na 2022 Kimathi na Mwangi Kioni wakakimbia kwenye theluji ya Sweden. Anayeota Formula 1 ana njia tofauti kabisa: mbio za vigari vidogo (karting) tangu utotoni, Formula 4 kuanzia miaka 15, na leseni kuu inayohitaji umri wa miaka 18 na pointi 40 ndani ya misimu mitatu. Njia hiyo hupita Ulaya, na gharama yake haikaribiani na ya rali.

Kwa wafadhili, anza na biashara zinazokufahamu: gereji, duka la vipuri, hoteli ya mtaani kwenu. Waambie kabla ya mashindano stika itakaa wapi na itaonekana na nani. Baada ya mashindano, ndani ya wiki moja, watumie ukurasa mmoja: picha nzuri tatu, nafasi mliyomaliza, kilichovunjika, pesa zao zilikokwenda, na tarehe ya rali inayofuata. Utume hata kama hamkumaliza.