Konsentreta ya oksijeni inawasha taa ya njano? Usikimbilie kubadilisha zeolaiti

Juzi fundi mwenzangu kanipigia akiwa wodini, konsentreta (mashine inayotenga oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida) ya lita 5 inalalamika oksijeni ni ndogo na yeye tayari kaomba silinda mpya za zeolaiti, yaani zile zenye punje za kunasa naitrojeni. Nikamwambia ngoja kwanza, twende hivi.

1. Mgonjwa. Nesi amhamishie kwenye chanzo kingine cha oksijeni kabla hujagusa chochote.

2. Filta za hewa. Unazijua, zikague. Ile ya sponji ukiiosha ikauke kabisa ndo uirudishe.

3. Pima mwenyewe. Taa inakuonya tu, namba utaipata kwenye analaiza yako, kile kipimo cha asilimia ya oksijeni. Ikalibreti kwanza, kwenye hewa ya kawaida isome 20.9%. Chomoa chupa ya maji maana unyevu unavuruga sensa, weka lita 5 kwa dakika, acha mashine ipate moto kama robo saa. Mashine isiyo na tatizo itasoma asilimia 90 na kitu.

4. Tafuta inapovuja. Hapa tulia. Mashine inasukuma hewa kwa presha kwenye silinda moja, zeolaiti inanasa naitrojeni, oksijeni inapita, halafu presha inashushwa naitrojeni itoke wakati silinda ya pili inachukua zamu. Sasa presha ikivuja njiani naitrojeni hainaswi vizuri, na dalili zake zinafanana kabisa na zeolaiti iliyochoka. Mimi nilishafunga silinda mbili mpya, nikapima, bado 70 na kitu, nikafungua tena nikafunga tena, karibu saa tano zimeenda, kumbe hozi inayotoka kwenye kompresa ina ufa mdogo chini ya klipu, na ikiwa ya baridi haivuji! Inaanza kuvuja ikishapata moto. Kwa hiyo kagua mashine ikiwa imeshapata moto, na zungusha kila klipu uone chini yake.

Tumia povu la sabuni kwa brashi ndogo, kiungo kimoja kimoja. Usipulizie kwa chupa, maji yatafika kwenye bodi ya umeme, na kumbuka kava liko wazi na umeme upo, feni nayo inazunguka, kwa hiyo sehemu iliyo karibu na nyaya zima kwanza, chomoa plagi, kagua kwa macho na vidole. Kuna mafundi wanategemea sikio, mi siliamini hata kidogo, kompresa inafunika kila mlio. Ukimaliza futa sabuni yote. Na tafadhali sana, usipake grisi wala mafuta kwenye viungo eti vizibe, mafuta yakikutana na oksijeni ni moto.

5. Presha. Pima, linganisha na kitabu cha maelekezo cha modeli hiyo hiyo. Ikiwa chini na hakuna uvujaji, angalia kompresa na vali.

6. Zeolaiti, mwisho kabisa. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Vizibo vyake vitoe dakika ile ile unayofunga, usizifungue halafu ukaenda kutafuta bisibisi, zeolaiti inanyonya unyevu wa hewani na ikishanyonya imeharibika ingali mpya.

7. Iache itembee masaa mawili hivi, pima tena kwenye lita 5, kisha andika asilimia, tarehe na namba ya mita ya masaa (inayohesabu masaa ambayo mashine imefanya kazi) kwenye stika, ibandike ndani ya kava ambako fundi anayekuja ataiona.