Somo: Kutambua ioni (chembe zenye chaji ya umeme) katika mmumunyo usiojulikana

Gawa mmumunyo wako katika tyubu kadhaa za majaribio, kiasi kidogo kila moja, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kupimwa haifai tena kwa kipimo kingine.

Hatua ya kwanza ni kutazama rangi: buluu huashiria kopa, kijani hafifu chuma(II), na njano inayoelekea kahawia chuma(III); namba hizo huonyesha chaji ya ioni. Hizo ni dalili tu.

Hatua ya pili, dondosha haidroksidi ya sodiamu tone kwa tone huku ukitikisa. Mashapo (yabisi inayojitenga na mmumunyo) ya buluu ni ya kopa, ya kijani ni ya chuma(II), ya kahawia yenye wekundu ni ya chuma(III). Yakiwa meupe, usikimbilie kuandika jibu, maana hapa ndipo alama nyingi hupotea. Ongeza haidroksidi hadi izidi: yasipoyeyuka, fikiria kalisiamu au magnesiamu, yakiyeyuka, una zinki, aluminiamu au risasi. Chukua tyubu nyingine urudie kwa mmumunyo wa amonia, ambao ukizidi huyeyusha mashapo ya zinki peke yake. Kati ya mawili yaliyobaki, iodidi ya potasiamu huamua: risasi hutoa mashapo ya njano iliyokolea, aluminiamu haitoi.

Pasipotokea mashapo yoyote, pasha moto taratibu na ushike karatasi ya litimasi nyekundu iliyoloweshwa juu ya mdomo wa tyubu bila kuugusa. Ikigeuka buluu, kuna amoniamu.

Hatua ya tatu ni ya anayoni, yaani ioni zenye chaji hasi. Tia asidi ya nitriki iliyozimuliwa; ukitoka mchemko wa gesi inayoyatia maji ya chokaa weupe, ni kaboneti. Usipotoka, nitrati ya bariamu itatoa mashapo meupe ya salfeti, na katika tyubu nyingine nitrati ya fedha itatoa meupe ya kloridi, yanayoyeyuka katika amonia.

Swali: Mwalimu, kwa nini nitriki, ilhali maabara yetu ina hidrokloriki tele?
Jibu: Hidrokloriki huja na kloridi yake, hivyo nitrati ya fedha itatoa mashapo meupe hata kama sampuli haina kloridi.

Swali: Mashapo yangu ya kijani yamekuwa kahawia kwa juu. Niandike chuma kipi?
Jibu: Chuma(II). Oksijeni ya hewani imeanza kukigeuza kuwa chuma(III), kwa hiyo andika rangi uliyoiona mwanzo, kisha mabadiliko yake.

Swali: Sisi tumezoea kloridi ya bariamu. Kuna ubaya?
Jibu: Hakuna, ila sampuli ikiwa na risasi utapata mashapo meupe ya kloridi ya risasi ukayadhania salfeti. Yachemshe: kloridi ya risasi huyeyuka katika maji ya moto, salfeti ya bariamu haiyeyuki.