Jinsi ya kulitumia neno "littoral" bila kuumbuka

Mpwa wangu hupeleka wageni mikokoni kwa mashua, hapa Lamu. Juzi alinijia na tangazo lake la Kiingereza: "literal walk". Nikamwambia, mwanangu, hayo ni matembezi ya neno kwa neno. Alikusudia "littoral", yaani ya ufuoni. Tulikaa barazani tangu alasiri mpaka magharibi, kwa hiyo naandika nisije nikarudia.

Kwanza, fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Mimi nataka ya kitabu. Programu ya kutafsiri itakwambia "pwani" na kukuacha hapo.

Pili, asili yake ni Kilatini, litus, yaani ufuo. Wa kwetu tusilione geni: hata jina "Swahili" linatokana na Kiarabu sawahil, wingi wa sahil, pwani.

Tatu, tahajia, na hapa ndipo jua lilipotuchwea. T mbili, kisha o. Tukiandika sawasawa, simu inageuza kimyakimya kuwa "literal". Ukisoma kwa sauti hushtuki, maana kwa sikio maneno haya karibu ni mamoja. Tangazo likatumwa mara tatu na kosa lile lile, nami namlaumu kijana bure! Zima kwanza ule usahihishaji wa simu, au bora zaidi, liingize neno kwenye kamusi yake. Kisha likague herufi moja moja, si kwa kulitamka. Ukiona "litoral" yenye t moja, hiyo ni ya Kireno au Kihispania, usiinakili.

Nne, liweke kabla ya nomino. "Littoral zone" baharini ni ule ukanda unaofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa, pale chaza wanapong'ang'ania mizizi ya mikoko. Maziwa pia yana ukanda wake, ndiyo maana "coastal", yaani ya pwani ya bahari, haitoshi: Uganda haina bahari, lakini kwenye Ziwa Victoria ni "littoral state", nchi yenye ufuo. Nyumba au hoteli ya ufuoni usiiite hivyo, utaonekana unajikweza.

Mpwa wangu sasa ameandika "littoral walk at low tide", matembezi ya ufuoni maji yakipwa. Saa ya kuondoka hakuitia, kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku.