Jinsi ya Kumpeleka Mgeni Kaburini kwa Jenerali Grant

Wageni wangu wakitoka Tanga kuja New York wanataka Sanamu ya Uhuru na taa za Times Square. Nawapeleka. Siku ya tatu, wakishachoka kukanyagana na watu, nawapandisha treni namba 1 hadi stesheni ya mtaa wa 116. Kutoka hapo tunateremka Riverside Drive na kwenda zetu taratibu mpaka mtaa wa 122, alikolazwa Ulysses S. Grant, rais wa 18 wa Marekani. Kiingilio hakuna. Siku za kufungua hubadilika, kwa hiyo angalia kabla hujatoka nyumbani.

Beba noti ya dola hamsini. Kama huna, azima kwa mgeni. Wao ndio huja na noti, sisi wenyeji tunaishi kwa kadi. Mwonyeshe yule mzee mwenye ndevu, kisha umwambie jina lake si hilo. Alizaliwa Ohio mwaka 1822 akaitwa Hiram Ulysses. Mbunge aliyempeleka chuo cha jeshi cha West Point mwaka 1839 akakosea, akaandika Ulysses S., na ile S haikuwa na maana yoyote. Kosa likabaki. Mimi mwenyewe pasipoti yangu ina herufi moja ya ziada kwa hisani ya karani mmoja, basi hapa huwa tunacheka na safari inaanza vizuri.

Usianze na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyompa Grant jina. Mara ya kwanza nilimpeleka shemeji yangu nikamwaga mapigano yote, Donelson, Shiloh, Vicksburg, na kabla sijamaliza akaniuliza, "Shemeji, hapa choo kiko wapi?" (Kiko kwenye jengo la wageni, ng'ambo ya barabara, upande wa mto.) Siku hizi naanza na saa. Desemba 1857, siku mbili kabla ya Krismasi, huyu bwana aliweka saa yake ya dhahabu rehani kwa dola 22 huko St. Louis. Jeshini alikuwa ameacha kazi mwaka 1854, huku nyuma minong'ono ya ulevi ikimfuata. Kilimo kikamshinda, akawa anauza kuni mjini. Miaka saba na miezi michache baada ya ile saa, Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alisalimu amri mbele yake pale Appomattox, tarehe 9 Aprili 1865. Mgeni akishashika mambo hayo mawili, saa na Appomattox, vita vya katikati atavisikiliza.

Ongeza na la William Jones. Alikuwa mtumwa wa Grant, kutoka kwenye familia ya mkewe iliyomiliki watumwa. Machi 1859, Grant akiwa hana mbele wala nyuma, angeweza kumuuza akapata fedha nyingi. Alimwandikia hati ya uhuru. Sema pia kwamba alimmiliki. Usimsafishe.

Sasa ingieni. Mgeni asogee ukingoni mwa shimo la sakafuni achungulie chini: majeneza mawili ya mawe mekundu, la Grant na la Julia mkewe. Mzee hakutaka kuzikwa West Point kwa kuwa mkewe asingeruhusiwa kulala naye huko. Wamarekani wana kitendawili cha utani: nani amezikwa katika kaburi la Grant? Jibu la wajanja ni kwamba hakuna, maana wote wawili hawakufukiwa udongoni. Fedha za jengo zilichangwa na watu kama 90,000, likafunguliwa mwaka 1897. Kumbuka idadi hiyo, utaihitaji mkitoka nje.

Nje kuna mabenchi ya vigae vya rangi, yaliyotengenezwa miaka ya 1970. Keti hapo, toa chai kwenye chupa, ndipo umweleze habari za urais. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo jina lake lilipochafuka.

Alitawala 1869 hadi 1877. Katibu wake Babcock akatajwa katika wizi wa kodi za pombe kali. Waziri wake wa vita, Belknap, akajiuzulu kwa rushwa mwaka 1876. Mwenyewe hakula, ila aliwaamini rafiki zake hata pale walipokuwa wakimwibia mchana kweupe. Na kabla ya urais, Desemba 1862, alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote katika eneo la jeshi lake, Rais Lincoln akaifuta. Doa hilo limebaki.

Upande wa pili mpe uzito wake. Mwaka 1870 Wizara ya Sheria iliundwa chini yake. Mwaka 1871 alipeleka askari Carolina Kusini kuwakamata Ku Klux Klan waliokuwa wakiwaua na kuwapiga viboko watu weusi kwa sababu ya kura. Baadaye simulizi za vita zikashikwa na watu walioona huruma kwa Kusini. Kwao Grant akawa mchinjaji, mlevi na kiongozi wa wezi. Wanahistoria walipopanga marais mwaka 1948, walimweka wa pili kutoka mkiani. Kaburi lenyewe likaachwa, kuta zikaandikwa rangi. Orodha ya marais ya kituo cha televisheni cha C-SPAN ya mwaka 2000 ilimpa nafasi ya 33; ya 2021, ya 20. Maiti hajatikisika. Waliobadilika ni wasomaji. Hapo ndipo mgeni umkumbushe wale wachangiaji 90,000.

Mama mdogo alikaa kimya pale benchini, kisha akauliza, "Sasa alikuwa mwema au mbaya?" Nilimjibu kwa hadithi ya Ward. Mwaka 1884 kijana huyo, mshirika wa Grant katika biashara, alimfilisi kwa utapeli. Muda mfupi baadaye saratani ya koo ikamkamata. Ili Julia asibaki maskini, akaandika kumbukumbu zake akiwa anakufa, akamaliza, na siku chache tu mbele, tarehe 23 Julai 1885, akafariki. Mchapishaji, mwandishi Mark Twain, alimlipa mjane hundi ya kwanza ya dola 200,000.

Sauti ilikuwa imekwisha, akawa anamwandikia daktari vikaratasi. Kimoja kinasema anajiona kitenzi, si kiwakilishi cha nafsi. Kitenzi ni neno la kuwa, kutenda, au kuteseka, naye ni yote matatu. Nilifundisha Kiswahili darasani miaka kumi na moja kabla ya kuja huku, na hilo la tatu mimi ningelitafsiri kutendwa.

Mama mdogo akamimina chai iliyobaki. "Kutendwa na rafiki zake," akasema.